Tumekusanya sahihi 214 ili Mama Nesi agombee. Je, zinatosha?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 28, mkulima wa korosho hapa Tandahimba, mkoani Mtwara. Kwetu kuna mama mmoja, muuguzi mstaafu, wote tunamwita Mama Nesi. Ndiye aliyesimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji akadai tusomewe mapato na matumizi mpaka yakasomwa. Ndiye anayewafuata watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima kwa bei ya kutupa nje ya mnada, na kuwaambia usoni kwamba wanawaibia wajane. Siku moja vijana kumi na mmoja tulikaa chini ya mkorosho tukakubaliana kwamba mtu wa namna hii ndiye anayetufaa. Mwenzetu aliyewahi kufanya kazi Mombasa akasema Kenya magavana wanachaguliwa, na Marekani wananchi wakimtaka mtu mwenye msimamo wa mabadiliko wanamkusanyia sahihi mpaka anakubali kugombea. Tukanunua kaunta buku. Mpaka leo tuna sahihi 214, na waliotia dole gumba wamo humo. Tunataka awe kama gavana wa mkoa wetu, ikishindikana basi awe mbunge. Yeye mwenyewe hatujamwambia. Tunataka tumshtukize siku ya kuwatoa wali wa jando na unyago, tumkabidhi daftari mbele ya watu. Hana chama. Wengine wanasema mwanamke asubiri viti maalumu. Baba yangu anasema niachane na mambo haya nisije nikapotea. Je, sahihi hizi zinatosha kumfanya agombee? Na kuna hatari gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale: "Yeye mwenyewe hatujamwambia." Nitafika hapo, maana ndipo penye uzito kuliko sheria yote nitakayokueleza. Lakini kwanza niseme kwamba nimefurahi. Vijana kumi na mmoja kukaa chini ya mkorosho wakazungumza juu ya nani anayestahili kuongoza, badala ya nani anatoa fulana, ni jambo ambalo nimefundisha elimu ya mpiga kura miaka mingi nikitamani kulisikia.

Nikikuelewa vizuri, unauliza kama daftari lenu lina nguvu yoyote kisheria, ni kiti gani hasa mnachokitafuta, na kama kumtaka mtu mwema aongoze kunaweza kumletea yeye au ninyi madhara.

Tuanze na cheo. Tanzania hatuna gavana wa kuchaguliwa. Gavana tunayemjua ni wa Benki Kuu, naye anateuliwa. Mkuu wa Mkoa wa Mtwara, kama mwenzake wa Lindi na wa mikoa mingine yote ya Bara, anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Ndivyo inavyosema Ibara ya 61 ya Katiba ya 1977. Mkuu wa Wilaya naye anateuliwa na Rais, na Mkurugenzi wa Halmashauri vilevile. Mwenzenu wa Mombasa hakuwadanganya: Kenya, tangu Machi 2013, kila kaunti katika zile 47 inachagua gavana wake, na Marekani majimbo yote 50 yanafanya hivyo. Lakini hapa kwetu, hata mkijaza madaftari kumi, hakuna karatasi ya kura yenye nafasi ya jina la Mkuu wa Mkoa. Kama mnaamini wakuu wa mikoa wachaguliwe, hiyo ni hoja halali kabisa ya kuibeba kwenye mjadala wa Katiba mpya. Ibebeni. Ila msiichanganye na daftari la Mama Nesi, maana mtamsimamisha kwenye uwanja usio na goli.

Viti vinavyopigiwa kura huku kwetu ni Rais, mbunge na diwani, na chini yao mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa serikali ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Ninyi mmerukia ubunge baada ya "ugavana" kushindikana. Ngoja nikuulize: Mama Nesi alipata wapi sifa yake? Kwenye mapato na matumizi ya kijiji, na kwenye kangomba. Sasa angalia ni kiti gani kinagusa mambo hayo.

Msimu ukifunguliwa, nenda ghalani usome tangazo la mjengeko wa bei linalobandikwa pale. Usisome mstari wa mwisho tu wa bei ya mkulima. Panda juu, tafuta mstari wa ushuru wa halmashauri. Kwa mazao ya biashara ni asilimia 3; kabla ya 2017 ilikuwa 5. Fedha hiyo inaingia halmashauri, na watu wanaokaa mezani kupitisha itumikeje ni madiwani. Madaraja ya vijijini, chumba cha kujifungulia kwenye zahanati, madawati, vyote vinapita hapo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inapaswa kukopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, 4 kwa 4 kwa 2. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024, na bila diwani mkali ni rahisi vikundi vilevile vya watu walewale kuipata kila mara. Baraza la Madiwani linakaa kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi ana haki ya kwenda kukaa nyuma akasikiliza. Je, kati yenu kumi na mmoja kuna aliyewahi kwenda? Sikuulizi kwa kukusuta. Wengi hawajui kwamba mlango uko wazi.

Niwe mkweli pia juu ya mipaka ya kiti hicho. Diwani hapangi bei ya korosho. Bei inatoka mnadani, na mnada unategemea wanunuzi wa korosho ghafi, wengi wao wakiwa na viwanda India na Vietnam. Diwani haiamuru RUWASA, wakala wa maji vijijini, wala mamlaka ya maji. Kwa hiyo mkimwambia mama wa kijijini kwamba Mama Nesi akishinda mabomba yatatoka maji wiki inayofuata, mtakuwa mmemwekea deni asilolikopa. Na Mkurugenzi, anayeshika mfuko na kutia saini, hakuchaguliwa na diwani. Diwani anauliza, anakataa kupitisha, anadai taarifa, anarudi kwa watu na majibu. Ni kazi ya kung'ang'ania. Kwa maelezo yako, huyu mama anaiweza.

Ubunge ni kazi ya sheria na bajeti ya taifa. Nao una uzito kwetu watu wa korosho. Juni 2018 Bunge lilibadilisha sheria ili ushuru wote wa korosho ghafi zinazouzwa nje uende Mfuko Mkuu wa Serikali, badala ya asilimia 65 kurudi kwenye tasnia ya korosho. Wabunge wa kusini walipinga kwa sauti, wakashindwa kwa kura. Mbunge mmoja mzuri peke yake bungeni hufika mahali akakwama. Diwani mmoja mzuri kwenye baraza la madiwani thelathini au arobaini anaweza kuwavuta wenzake kumi, na hesabu ikabadilika. Hayo ni maoni yangu, mnaweza kuyakataa.

Sasa hili la kukusanya sahihi kama Marekani. Huko ni desturi ya zamani, na inafaa mjue ilivyowaendea. Mwaka 1952 wananchi walimtaka Jenerali Eisenhower agombee urais wakati yeye yuko Ulaya akiongoza majeshi ya NATO. Wakaliweka jina lake kwenye kura za mchujo za New Hampshire, akashinda hali hayupo, akarudi akagombea, akawa Rais. Mwaka 2003 watu wakamvuta jenerali mwingine, Wesley Clark. Akakubali, akaingia akiwa amechelewa, akashindwa mapema. Kati ya 2014 na 2015 wapenda mabadiliko walimkusanyia seneta Elizabeth Warren sahihi kwa maelfu. Akasema hapana, akarudia hapana, na juhudi zikafungwa. Zote tatu zilianza sawa na yenu: watu waliona mtu, wakaandika majina. Sahihi hazimlazimishi mtu popote duniani. Zinachofanya ni kumwonyesha kwamba hatakuwa peke yake. Basi thamani yake yote inategemea kama ni kweli hatakuwa peke yake.

Miaka kadhaa iliyopita, upande wa Lindi, nilimfahamu fundi seremala aliyesukumwa na watu wake kugombea udiwani. Naye alikuwa na kaunta buku, lenye jalada jekundu, majina zaidi ya mia tatu. Siku ya kura za maoni za chama chake alikuja nalo kwapani. Wakati wa kupanga foleni, wakaulizwa kadi za uanachama. Wengi wa walioandika majina yao hawakuwa wanachama wa chama kile, na wengine walikuwa wamekwenda shamba. Nilimkuta baadaye amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kata, daftari mapajani, analifungua na kulifunga. Hakuniambia neno juu ya chama wala mshindi. Aliniambia, "Mwalimu, huyu hapa ni shemeji yangu, na huyu ni jirani yangu ukuta kwa ukuta." Alikuwa anaonyesha majina kwa kidole chenye gundi ya mbao.

Ninakusimulia hili kwa sababu linaeleza jambo ambalo vijana wengi hawalijui mpaka siku ya fomu: Tanzania hakuna mgombea binafsi. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea ubunge awe mwanachama na apendekezwe na chama cha siasa, na udiwani ni hivyohivyo. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hili mahakamani karibu miaka 20. Mahakama Kuu ilimpa haki 1994, Katiba ikarekebishwa kumzuia. Mahakama Kuu ikampa tena haki 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua 2010 ikisema hilo ni la Bunge. Na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikaamua kwamba Tanzania inakiuka haki za raia wake kwa kumlazimisha mgombea kupitia chama. Sharti la chama bado lipo. Mimi naliona ni kosa linaloinyima nchi watu kama Mama Nesi, lakini ninakushauri kwa sheria iliyopo, siyo kwa ninayoitamani.

Kwa hiyo, kati ya sahihi zenu 214, sheria inatambua ngapi? Mgombea udiwani anadhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 10 walioandikishwa kwenye kata yake; wa ubunge, wasiopungua 25 wa jimbo lake. Hao wanaandikwa kwenye fomu ya uteuzi wakati wake ukifika, siyo kwenye kaunta buku. Majina mengine 204 hayana kazi kisheria. Kazi yao ni nyingine, nayo ni kubwa: kuhuisha taarifa zao kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kuhakikisha mgombea asiye na fedha hakosi chakula, kutembea naye nyumba kwa nyumba, kuwa mawakala vituoni bila kununuliwa. Ukimfuata kila aliyetia dole ukamuuliza, "Utafanya lipi?", ndipo utajua mna sahihi ngapi za kweli. Usishangae zikiwa 40. Watu 40 wa kweli katika kata moja ni jeshi.

Swali la chama gani sitakujibia, na ninyi msimjibie Mama Nesi. Ninaweza tu kukueleza kila njia ilivyo. Akiingia CCM, anaingia kwenye chama chenye mtandao mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, lakini atasubiri foleni nyuma ya watu waliokitumikia miaka mingi, na anayeongoza kura za maoni siyo lazima ndiye atakayerudishwa, kwa kuwa vikao vya juu ndivyo vyenye neno la mwisho. Akienda upinzani, foleni ni fupi na historia ipo. Tandahimba yenyewe 2015 ilimchagua mbunge wa CUF, na Mtwara Mjini na Kilwa zikafanya hivyo. Lakini wagombea wa upinzani wameenguliwa sana kwa makosa ya fomu. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama kadhaa vilijitoa kwa sababu hiyo, na 2025 CHADEMA haikushiriki kabisa uchaguzi mkuu. Na popote atakapokwenda, ajue kwamba akivuliwa uanachama anapoteza na kiti. Kwa hiyo asome katiba ya chama kabla ya kuchukua kadi, aangalie wanavyowatendea wanaouliza maswali. Kwa mama anayedai mapato na matumizi hadharani, hilo ndilo la kulitazama kwanza.

Kuna na njia ambayo wengi wanaidharau: asigombee kitu sasa. Uchaguzi wa vijiji na vitongoji uliopita ulikuwa Novemba 27, 2024, na wa madiwani na wabunge Oktoba 29, 2025. Vipindi ni vya miaka mitano, kwa hiyo mnaangalia 2029 na 2030. Katikati hapo kuna kamati ya usimamizi wa zahanati, kuna jumuiya ya watumia maji, kuna AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kuna mkutano mkuu wa kijiji ambao sheria inataka ukae kila miezi mitatu. Hizo hazihitaji kadi ya chama. Muuguzi mstaafu kwenye kamati ya zahanati anajua dawa zinapotelea wapi. Kabla hajaingia kwenye bodi ya AMCOS amuulize afisa ushirika wa wilaya kama ataweza kuushika ujumbe huo pamoja na uongozi wa kisiasa baadaye, asije akajikuta anachagua kimoja katikati ya njia. Kama mngekuwa wadogo zangu wa tumbo moja ningewaambia: lengeni udiwani 2030, na mwanzo wake uwe mkutano wa kijiji unaokuja.

Hili la viti maalumu. Si kitu cha kudharau. Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe aliingia Baraza la Wawakilishi 2000 kwa viti maalumu kabla ya kuchaguliwa jimboni Makunduchi 2010. Lakini angalia nani anayesema "asubiri". Kiti maalumu kinagawiwa kupitia chama, na mwenye kiti hicho hana kata yake. Wanaomtathmini ni wenzake wa chama zaidi kuliko bibi wa kijijini anayesubiri maji. Mama ambaye kijiji kizima kinamwita kwa jina la kazi yake hana sababu ya kuambiwa apite mlango wa pembeni. Akichagua mwenyewe viti maalumu, sawa. Akisukumwa huko ili mwanaume fulani abaki na kata, hapo mseme.

Kuna mitego ambayo vijana wenye nia njema huingia bila kujua. Msiipe timu yenu jina, msichapishe fulana, msikusanye ada za uanachama. Sheria hairuhusu kikundi kisichosajiliwa kuendesha shughuli kama chama cha siasa. Msianze kumnadi kabla ya wakati. Vyama vyenyewe vinaadhibu hilo: Februari 2014 CCM iliwapa onyo kali na kuwafungia miezi 12 makada sita waliotajwa kuutaka urais, kwa kuanza kampeni mapema, na mmoja wao alikuwa Bernard Membe, mbunge wa Mtama, jirani zenu wa Lindi. Ikiwa wakubwa walifungiwa, mama asiye na mtetezi je? Msigawe chumvi, khanga wala nauli kwa jina lake. Takrima, yaani ukarimu wa zawadi kwa wapiga kura, ilifutwa na Mahakama Kuu 2006, na tangu 2010 kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi inayotaka fedha za uchaguzi zitolewe maelezo. Na daftari hilo: kama mmeandika namba za kadi za kupigia kura au simu za watu, zifuteni. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mbali na sheria, daftari lenye majina na namba likianguka mikononi mwa mtu mbaya linakuwa orodha ya watu wa kutishwa. Msilipige picha mkalirusha kwenye kundi la WhatsApp.

Hapo nafika kwa baba yako. Usimwone mwoga. Mtu wa umri wake huku Mtwara anaukumbuka mwaka wa gesi: maandamano ya Desemba 27, 2012, kilio cha "gesi haitoki" cha kupinga gesi ya Mtwara kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, halafu vurugu za Januari na Mei 2013, watu wakafa Mtwara na Masasi, nyumba zikachomwa. Bomba likajengwa hata hivyo. Na Oktoba 29, 2025 iko karibu mno, watu waliuawa siku ile na zilizofuata, na familia bado zinalia. Mzazi aliyeyaona yote mawili akisikia mwanawe ana daftari la sahihi, moyo unamshuka. Kaa naye umweleze kwamba hamwandamani, kwamba mnafanya jambo lililoruhusiwa na sheria: kumwomba raia mwenzenu afikirie uongozi. Halafu msikilize. Kama kuna mtu amekuja kwake kumtisha, au ameitwa mahali akaulizwa juu yenu, hilo si la kujibiwa na mimi kwa maandishi. Mtafuteni wakili au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa, mwende watu wawili au watatu, mpeleke maelezo yenye tarehe. Vivyo hivyo kama yeyote kati yenu ni mtumishi wa umma, aonane na mwanasheria kabla ya kuendelea, kwa kuwa masharti yao ni tofauti. Na wakati wa fomu ukifika, fomu ya Mama Nesi isijazwe usiku kwa haraka. Ijazwe na mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo, jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi yake ya mpiga kura, wadhamini wahakikiwe mmoja mmoja, na nakala ibaki nyumbani. Watu wameenguliwa kwa herufi moja.

Sasa turudi kwa Mama Nesi mwenyewe.

Mnataka kumshtukiza siku ya kuwatoa wali. Fikiria siku hiyo: ngoma, ndugu kutoka Newala na Nanyamba, wazee wamekaa kwenye mikeka, na mama amevaa khanga mpya kwa ajili ya mjukuu wake. Ghafla kijana anasimama na daftari. Kwa adabu zetu, mtu mzima akiombwa mbele ya watu namna hiyo hawezi kusema hapana bila kuonekana amewadharau waliomheshimu. Atatabasamu. Atalipokea. Watu watapiga vigelegele. Na ninyi mtaondoka mkiamini amekubali, wakati mmemnyang'anya nafasi ya kujibu. Kesho yake jina lake liko mdomoni mwa kila mtu, kuanzia watu wa kangomba aliowaudhi mpaka wale waliokuwa wanakitaka kiti hicho, na yeye bado hajazungumza hata na mumewe au wanawe. Ubaya wa hilo hausafishwi na nia njema.

Nendeni wawili tu, mmoja wenu awe msichana. Jioni, baada ya kazi. Daftari mliache nyumbani. Mwambieni mlichokiona kwake, kwa mifano, siku ile ya mapato na matumizi na anavyowatetea wajane. Kisha muulizeni, msimwombe kwanza: afya yake ikoje, pensheni inatosha nini, nani anamtegemea, wanawe watasema nini, na kuna jambo gani la zamani ambalo mtu anaweza kulifukua kumwumiza. Mwelezeni na mabaya yote niliyoyaandika hapa, msiyafiche ili akubali upesi. Mpeni mwezi mzima au zaidi. Akisema anataka kubaki kuwa mama anayeuliza maswali kwenye mkutano wa kijiji, basi hilo ndilo jibu, na kazi yenu itakuwa kukaa naye mstari wa mbele siku ya mkutano ili asiulize peke yake. Tena katika mazungumzo hayo mnaweza kugundua kwamba mtu anayepaswa kugombea ni mmoja wenu kumi na mmoja. Umri wa kugombea ni miaka 21, na wewe una 28.

Akikubali, ndipo mrudi na daftari. Akae nalo yeye, asome jina moja moja kwa sauti, na kwa kila jina mmweleze mtu huyo ameahidi kufanya nini. Ambaye hamna la kusema juu yake, mumkate mbele yake.

Niandikie tena baada ya kuonana naye. Nitapenda kujua alijibu nini, na baba yako alisemaje.